Vidonge kwenye Karai

Watu wanaoendesha vitu ardhini hawajui shida ya kibofu. Dereva wa lori akibanwa anaegesha pembeni, anatafuta kichaka, mambo yamekwisha. Mimi ni dereva wa kreni ya mnara. Kiti changu kiko juu ya ghorofa ya nane ya jengo ambalo bado linajengwa, na kutoka kwenye kiti hicho mpaka chini kuna vipago mia mbili na kumi na viwili vya ngazi ya chuma. Nimevihesabu kwa miguu yangu mwenyewe mara nyingi kuliko mtu yeyote aliye hai, kwa sababu kwa miaka miwili bosi wangu wa kweli alikuwa tezi dume.

Kama wewe ni kijana, huna habari nayo. Ni kitu kidogo kilichokaa chini ya kibofu cha mwanaume, kikiuzunguka mrija wa mkojo. Ukifika umri wangu kinaanza kunenepa kama mtu aliyestaafu, kinaubana mrija, na wewe unageuka mtumwa wa choo. Unakwenda kila saa, na ukifika unasimama dakika tano kusubiri matone matatu. Daktari aliniambia nisiogope, si saratani, ni kutanuka tu. Hiyo "tu" yake ilinikera sana. Hakuna ngazi kati yake na choo chake.

Hapo saiti wananiita Mwewe. Nimekaa juu miaka ishirini na mbili, na watu wa chini wanajua kwamba nikisema boriti itatua hapa, itatua hapa, si upana wa kidole pembeni. Mtu wa namna hiyo hawezi kushika redio na kuitangazia saiti nzima kwamba amebanwa. Kwa hiyo nilikuwa nasema nashuka kukagua boliti. Asubuhi boliti, mchana boliti, nusu saa baadaye boliti tena. Niliwahi kujaribu chupa huku juu. Ilinichukua dakika saba, mzigo wa matofali ukiwa unaning'inia juu ya vichwa vya watu, na tangu siku hiyo niliapa kwamba bora ngazi.

"Mwewe," msimamizi wetu aliniuliza siku moja mbele ya watu, "hiyo kreni yako ina boliti ngapi hasa?"

Watu wakacheka. Mimi nikajitia kucheka nao. Baadaye aliniita ofisini kwake, akafunga mlango, na safari hii hakukuwa na utani. Baada ya miezi miwili na nusu, Jumapili, tungepandisha boriti tano za paa kupitia juu ya barabara kuu. Barabara ingefungwa saa nne tu, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa nne.

"Siku hiyo nataka mtu atakayekaa kwenye kiti," alisema. "Ukianza mambo yako ya kupanda na kushuka tukashindwa kumaliza, nitaleta dereva mwingine moja kwa moja. Wewe utahamia stoo."

Stoo ni kugawa kofia na glavu. Sina dharau na kazi ya mtu, lakini mimi na stoo hatuivi chungu kimoja. Nilirudi nyumbani nimenuna, nikanuna mpaka kwenye chakula. Mke wangu, ambaye hajawahi kuweka siri mbali na simu yake, akampigia mpwa wangu kabla sijamaliza kunawa mikono.

Huyu mpwa ni binti wa marehemu dada yangu. Tulimlea sisi tangu akiwa na miaka tisa, na sasa ni daktari wa utafiti katika hospitali kubwa. Ananiita Mjomba, lakini ukweli ni kwamba mimi ndiye baba aliyebaki. Kumweleza habari za mkojo wangu lilikuwa jambo ambalo ningeweza kuliahirisha mpaka kufa. Kesho yake asubuhi nilikuwa nimekaa mbele ya meza yake, mke wangu pembeni akinisukuma kwa kiwiko.

"Shikamoo, Mjomba. Shangazi ameshanieleza yote."

"Marahaba. Basi mimi nimekuja kufanya nini?"

"Kusikiliza," akasema, akatabasamu kama mama yake. "Tumboni mwako, Mjomba, kuna bakteria wengi kuliko watu wote wa dunia."

"Nani aliwakaribisha?"

"Wengi hawana ubaya. Wengine wanasaidia kusaga chakula, wengine wanatuliza uvimbe wa ndani kwa ndani. Kuna dalili, nasema dalili tu, kwamba wale wanaotuliza wakiongezeka, na tezi dume nayo inaweza kupoa kidogo. Kwa panya imeonekana. Kwa watu hatujui, ndiyo maana tunajaribu."

"Kwa hiyo mimi ni panya."

"Panya wa hiari. Utatia saini."

Akanieleza utaratibu. Wanaume mia na ishirini, miezi mitatu, vidonge viwili kwa siku. Nusu yetu wangepewa vidonge vyenye bakteria waliokaushwa, wamelala, wanaoamka wakifika tumboni. Nusu wangepewa vidonge vya wanga mtupu, unga usio na kazi yoyote. Makopo yanafanana, vidonge vinafanana, kila kopo lina namba tu, na siri ya namba iko kwenye bahasha zilizofungwa kwa kamati.

"Wewe unajua langu lina nini?" nikamuuliza kwa sauti ya chini.

"Sijui, na sitaki kujua. Nikijua nitaanza kukuangalia kwa jicho la tofauti, na wewe utaanza kujisikia tofauti. Na kwa kuwa wewe ni mzee wangu, atakayekupima ni mwenzangu. Mimi nasoma madaftari tu."

Mwenzake huyo alikuwa bwana mmoja mpole mwenye vidole vinene. Sitaki kueleza zaidi.

Nilitoka na kopo namba 31, daftari, na jagi la plastiki lenye mistari ya kupimia. Kila haja ndogo iandikwe: saa ngapi, kiasi gani, nilisubiri muda gani. Mke wangu alilitazama lile jagi ndani ya mfuko, akasema, "Siku nikilikuta jikoni, mmoja wetu atahama."

Nje, kwenye benchi la wagonjwa, nikakuta sura mbili ninazozifahamu kuliko yangu mwenyewe. Mmoja alikuwa fundi mwashi wetu, tunamwita Pimamaji, kwa sababu kile kifaa chake cha kupimia usawa hakimtoki mkononi, na akiingia nyumbani kwa mtu kwanza anaangalia kama picha ukutani zimekaa sawa. Wa pili alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, Cheche, jitu la miraba minne lenye kicheko cha kuamsha mtaa. Wote wawili asubuhi ile walikuwa wameomba ruhusa kazini.

"Nimekuja kupima macho," Cheche akawahi kusema kabla sijafungua mdomo.

"Nimemsindikiza shemeji," akasema Pimamaji. Shemeji hakuonekana.

Mimi nilikuwa nimeshika jagi. Tukatazamana, sote watatu tukaangua kicheko mpaka muuguzi akatoka kutunyamazisha. Kumbe miaka miwili hiyo Pimamaji naye alikuwa akienda "kukagua mchanga" nyuma ya jengo, na Cheche alikuwa akienda "kubadilisha mtungi". Nilijisikia vizuri siku hiyo kuliko miezi mingi iliyopita, na bado sikuwa nimemeza kidonge hata kimoja.

Vidonge vilitakiwa kukaa kwenye ubaridi, kwa hiyo sote watatu, nao wakiwa wameshaandikishwa, tukaviweka kwenye friji dogo la stoo ya saiti, nyuma ya chupa za maji. Na hapo ndipo shetani akaniingia. Ulikuwa mchana wa kwanza, tumekaa stoo tumefunga mlango, makopo matatu mezani, namba 17 ya Pimamaji, 31 yangu na 44 ya Cheche. Nilikuwa nayatazama nikafikiria ile Jumapili, nikafikiria stoo ileile tuliyokaa, kofia zimepangwa ukutani zinanisubiri.

"Kuna mtu hapa anakula unga," nikasema.

"Nani?" akauliza Cheche.

"Sijui. Lakini ni nusu kwa nusu, na sisi ni watatu. Lazima mmoja wetu anaumia. Labda wawili."

"Nisiwe mimi," akasema Cheche.

"Wala mimi. Mimi nina Jumapili yangu."

Lazima nieleze jambo moja kuhusu gengi letu. Tumefanya kazi pamoja majengo sita, na kwetu kitu kikiingia saiti kinagawiwa sawa, iwe chai, iwe kivuli, iwe lawama. Hakuna anayekula mwenzake akimtazama. Kwa hiyo Pimamaji alipoanza kukuna kidevu, nilijua anafikiria nini kabla hajasema.

"Zege likichanganywa vizuri," akasema taratibu, "hakuna ndoo yenye saruji yote na ndoo yenye mchanga mtupu. Kila ndoo inapata haki yake."

Kwenye kopo iliandikwa kwa herufi kubwa: USIMPE MTU MWINGINE. Tulisoma. Tukakubaliana kwamba sisi si watu wengine.

Pimamaji akachukua karai jipya, ambalo halijawahi kuona saruji, akalifuta kwa kitambaa safi. Akanawa mikono mpaka kwenye viwiko. Akamimina makopo yote matatu, vidonge mia na themanini, vikanguruma kwenye bati kama mvua. Kisha akavigeuza anavyogeuza mchanga na saruji kabla ya kutia maji: mara tatu kutoka kushoto, mara tatu kutoka kulia, mara tatu kutoka chini kwenda juu. "Kavu kwanza," alikuwa akisema. "Siku zote kavu kwanza." Akafanya lundo, akalikata mafungu matatu kwa mwiko mpya, tukahesabu sitini kila mtu. Nilijiona nina akili kuliko hospitali nzima.

Mwezi wa pili tulipopewa makopo mapya, tukafanya vilevile.

Na jamani, mambo yakaanza kunyooka! Mwanzoni daftari langu lilikuwa na safari kumi na nne kwa siku. Mwezi ulipokwisha zilikuwa kumi na moja. Mwezi wa pili ukielekea mwisho zilikuwa nane, na katika nane hizo, mbili nilikwenda kwa mazoea tu. Nililala mpaka mke wangu akawa ananigusa kuona kama napumua. Ni kweli pia kwamba daftari lilinifungua macho. Nilipoona kwa maandishi kwamba nakunywa vikombe vitano vya chai kabla ya saa nne, niliona aibu nikapunguza. Lakini sifa zote niliwapa bakteria. Huku juu nilikuwa nazungumza nao. Nikikaa saa mbili bila kubanwa nawaambia, "Safi sana wanangu, endeleeni hivyohivyo."

Cheche akawa anaimba akichomelea. Pimamaji daftari lake alilipiga mistari kwa rula na akaongeza safu ya hali ya hewa, ambayo hakuna aliyemwomba.

Zilibaki wiki mbili kabla ya Jumapili ile nilipokwenda kupeleka daftari la mwezi wa pili. Mpwa wangu alikuwa na mafua na rundo la karatasi. Alilifungua daftari langu, akapitisha kidole ukurasa hadi ukurasa, na uso wake ukachangamka polepole.

"Mjomba, unajua wewe ndiye unayeandika vizuri kuliko wote? Hata ya kukuaibisha unaandika. Hapa umeandika 'nilichelewa, nikajiharibia'. Watu huwa wanaficha."

"Si uliniambia niandike ukweli."

"Ndiyo. Na nyinyi watatu wa saiti moja, wote mnashuka. Wote! Nimeyasoma madaftari yenu mara tatu. Sijui nani ana nini, lakini..." Akajizuia, akafunga daftari, akaliwekea mkono juu. "Miaka minne nimeomba kazi hii ifanyike. Wakubwa wangu walikuwa wananicheka, wananiita mama bakteria. Nataka tu nisije nikawaambia watu kitu ambacho si kweli."

Nikalitazama lile daftari chini ya mkono wake.

Kwenye kreni yangu kuna kipimo cha uzito. Mzigo ukifungwa, naangalia kile kipimo kabla ya kunyanyua. Sioni mzigo vizuri kutoka juu, simwoni aliyeufunga, sina cha kuamini ila namba ile. Ikinidanganya, mnara unalala chali, na mimi ndani yake. Na hapo mbele ya meza niliona kwamba sisi watatu tumemharibia huyu mtoto kipimo, na yeye amekikalia mbele anakisoma kwa furaha.

Nilijua pia kitakachofuata nikisema. Vidonge vingeondoka. Wiki mbili. Niliviona vile vipago mia mbili na kumi na viwili, nikaiona ile stoo. Nikafikiria kunyamaza mpaka Jumapili ile ipite, halafu nije nimwambie. Nilifikiria kweli, sitaki kujisafisha. Kisha akapiga chafya, akajifuta pua kwa upande wa mkono kama alivyokuwa akifanya akiwa na miaka tisa, na nikashindwa.

"Mama," nikasema, "tulichanganya."

"Mlichanganya nini?"

"Vidonge. Vya makopo yote matatu. Tukagawana sawa."

Akavua miwani, akaiweka juu ya daftari langu. "Mjomba. Sema tena polepole."

Nikasema tena polepole. Nikamweleza unga, haki, zege, mafungu matatu.

"Kwenye karai," akasema.

"Jipya," nikamhakikishia. "Lilikuwa jipya kabisa."

Akanyanyuka akaenda dirishani akanipa mgongo. Mabega yakaanza kumtikisika. Nilijua namliza, na ningetoa kiti changu cha kreni pale pale ili anyamaze. Alipogeuka, macho yalikuwa yamelowa kweli, lakini mdomo ulikuwa ukipigana na kicheko, na kicheko kikawa kinashinda.

"Nyinyi watatu mmetoka kwenye utafiti," akasema alipopata sauti. "Vidonge vilivyobaki vinarudi. Na Mjomba, nimekasirika sana. Nataka ujue hivyo."

"Najua."

"Lakini umeniambia kabla sijaandika. Na hilo pia nataka ujue."

Siku tatu baadaye alikuja mwenyewe saiti na kisanduku cha baridi, kavaa kofia ya ujenzi inayomwangukia puani. Tukakaa stoo, sisi watatu tumejipanga kwenye benchi kama watoto walioitwa kwa mwalimu mkuu. Kamati ilikuwa imeamua kwamba kwa kuwa tumemeza vitu visivyojulikana, bahasha zetu zifunguliwe.

"Namba 17," akasoma. Pimamaji akanyoosha mgongo. "Wanga."

"Namba 44." Cheche akafumba macho. "Wanga."

Akaniangalia mimi. Alisita, na nikaona kile kicheko cha dirishani kinarudi.

"Namba 31. Bakteria, Mjomba. Makopo yote mawili."

Nilisimama. Nikakaa. Nikasimama tena.

"Miezi miwili!" nikapiga kelele. "Miezi miwili dawa yangu nawagawia watu! Mimi mwenyewe ndiye niliyeleta wazo! Ningenyamaza tu, ningekaa kimya na kopo langu kama binadamu mwenye akili..."

Cheche akanikumbatia mpaka mifupa ikalia. "Asante, kaka! Asante sana! Wewe ni mtu wa watu!"

"Niachie!"

"Ila mchanganyiko ulikuwa mzuri," akasema Pimamaji, akitafakari. "Kila mtu alipata theluthi. Hilo halina ubishi."

Mpwa wangu alikuwa amekaa juu ya mfuko wa saruji, ameshika mbavu. Alipotulia akatuambia kwamba hata hivyo hakuna anayeweza kusema kama bakteria ndio waliotusaidia. Labda theluthi ile ilifanya kazi. Labda ni chai tuliyopunguza. Labda ni kule kuamini tu, kwa sababu katika tafiti nyingi za tezi dume hata wanaokula unga hupata nafuu kiasi. "Ndiyo maana tunaweka unga," akasema, "na ndiyo maana hatutaki makarai." Kisha akanipa karatasi ya kliniki ya kawaida. Kuna dawa za siku zote za tatizo hili, nilikuwa nazikimbia kwa sababu ya haya. Miadi ilikuwa Jumanne, siku mbili baada ya boriti.

"Na msimamizi wako umwambie," akasema akitoka.

"Nimwambie nini?"

"Ulivyoniambia mimi. Kama umeweza kuniambia mimi, binti yako, huyo atakushinda nini?"

Nikamwambia nitamwambia. Sikumwambia.

Jumapili nilipanda saa kumi na moja na nusu alfajiri, tumbo kavu, sijaonja hata maji, nimeshakwenda chooni mara tatu. Barabara chini ilikuwa tupu, imewekewa vizuizi pande zote mbili. Boriti ya kwanza ikapanda, ikavuka, ikatua. Ya pili ikatua. Nilikuwa najisikia kijana. Saa mbili na robo, ya tatu ikiwa hewani, nikasikia lile donge dogo la moto chini ya kitovu, mgeni wangu wa miaka miwili.

Nikajikaza. Ya tatu ikatua, lakini mkono wangu wa kulia ulitetemeka kidogo, na mtetemo mdogo huku juu ni nusu mita kule kwenye ndoano. Niliona watu wawili kule juu ya paa wakirudi nyuma haraka. Mmoja wao alikuwa Pimamaji.

Kwenye barabara, Cheche na wenzake walishaanza kuizungushia boriti ya nne minyororo. Ningeweza kujikaza tena. Ningeweza kusema boliti. Nilitazama kofia ya Pimamaji, kidoa cheupe juu ya ukuta, nikashika redio kabla sijabadili mawazo.

"Chini, huku juu. Msifunge boriti ya nne. Narudia, msifunge. Nahitaji kwenda kukojoa."

Redio ile wanasikiliza watu arobaini.

"Mwewe," ilikuwa sauti ya msimamizi, "rudia."

Nikapiga moyo konde. "Tezi dume yangu imetanuka. Miaka miwili sasa. Nikibanwa mkono wangu hautulii, na siwezi kupitisha tani tatu juu ya watu na mkono usiotulia. Boliti zote ni nzima. Zimekuwa nzima siku zote. Naomba dakika ishirini na tano za kushuka na kupanda."

Nilikuwa nimeshaanza kuaga kiti changu, kwa kweli nilikipapasa.

"Unashuka mpaka chini kufanya nini?" sauti ikasema. "Ghorofa ya nane vyoo vina maji tangu wiki iliyopita. Pita kwenye kile kidaraja cha kushikilia mnara, mlango wa pili kushoto. Dakika tano utakuwa umerudi. Mwewe, kwa nini hukusema?"

Vipago thelathini na sita, si mia mbili na kumi na viwili. Mnara wangu umefungwa kwenye lile jengo kila baada ya ghorofa mbili, na kwenye majengo mengine yote kabla ya hili ulifungwa vilevile. Wangeweza kuniwekea hata ndoo ya maana na pazia, mahali popote, siku yoyote. Miaka miwili nimepanda na kushuka mlima kwa sababu ya kukosa sentensi moja. Nilishuka huku machozi yananitoka, nusu ya kuwaka moto na nusu ya kucheka.

Choo kilikuwa kinanuka rangi mpya. Nimesimama hapo nasubiri tone langu la kwanza, mlango ukafunguliwa, msimamizi akaingia akihema, amepanda ngazi za jengo mbio. Akasimama sehemu ya pembeni yangu, akatazama ukuta, na yeye akaanza kusubiri. Tukasubiri wote wawili. Maji hayakusikika upande wowote.

"Na wewe?" nikauliza mwishowe.

"Mwaka wa tatu huu," akasema. "Hujawahi kujiuliza kwa nini nina vikao vingi hivyo?"

"Ulitaka kunipeleka stoo!"

"Niliambiwa una kizunguzungu. Niliogopa utaniangukia." Akavuta pumzi. "Kiti ni chako, Mwewe. Mtu anayesimamisha kazi mwenyewe kabla mkono haujamponyoka, nimtoe nikamweke nani?" Akaongeza, macho bado ukutani: "Lakini Cheche ananiambia mpwa wako ana bakteria fulani wa shida hii. Bado anaandikisha watu?"

"Nafasi tatu zimepatikana hivi karibuni," nikamwambia.

Alicheka mpaka kidogo kilichokuwa kimeanza kutoka kikakatika, ikabidi asubiri upya. Mimi nikafunga zipu, nikanawa mikono, nikatangulia juu. Kulikuwa na saa moja na nusu na boriti mbili.